Mwamina na Mkono Unaosikia

Mwamina binti Awadhi alizaliwa Likunja, katikati ya mikorosho mitupu, na Mungu akampa ngozi inayogombana na korosho. Ni kama samaki kuzaliwa anaogopa maji. Sisi watoto wenzake tulichoma korosho juu ya bati bovu, moshi ukitufukiza usoni, tukabangua kwa jiwe, tukala na majivu yake, kisha tukaenda kucheza. Yeye akipita tu upande moshi unakoelekea, kesho yake uso umeumuka kama andazi. Macho hayaonekani yalipo. Mama yake alikuwa akimtambua kwa sauti.

Asiyeijua korosho nimweleze. Ndani ya ganda lake mna mafuta meusi, makali, hayana undugu na mtu. Kuna mwizi mmoja alikuta gunia la maganda yaliyokwisha kubanguliwa, akadhani korosho, akajaza mifuko ya nyuma ya suruali akakimbia. Kufika Nanganga mifuko imetoboka, na kilichokuwa nyuma ya mifuko sikitaji, kuna watoto wanasikiliza. Mpaka leo mtu huyo anakula chakula amesimama.

Ndiyo maana wabanguaji hujipaka mikononi mafuta ya mbarika na majivu kabla ya kushika kazi. Mwaka wa kwanza viganja vinababuka. Wa pili vinababuka. Mwisho ngozi inachoka kulalamika, inakuwa ganda. Mbanguaji mkubwa kuliko wote huku kwetu ni Bibie wa Ruangwa, tuliyekua naye. Bibie anaepua sufuria bila kitambaa, tena haharakishi, anasimama nalo akikuuliza habari za nyumbani. Siku moja nyoka alimuuma kiganjani. Nyoka yule alirudi pangoni hana jino hata moja, nasikia watoto wake wakawa wanamtengenezea uji.

Sasa katika nchi ya watu wenye mikono ya namna hiyo, fikiria Mwamina alivyoishi. Alipoolewa, mama mkwe alimkabidhi korosho abangue. Siku ya pili bibi harusi yuko kitandani, mikono ameiinua juu kama anayeomba dua, malengelenge mpaka viwikoni. Mama mkwe akasimama uani akaongea kwa sauti ili majirani wasipate taabu ya kusogea.

"Jamani, mwanangu kaoa mke au kaoa yai?"

Mwamina akajibu kutoka ndani, sauti laini ile ile aliyonayo mpaka leo: "Yai, mama. Lakini yai likiatamiwa vizuri, hutoa kifaranga."

Na kweli. Mwaka haujaisha akamzaa Jumanne, mtoto mzito kama kiroba cha ufuta. Mama mkwe akaacha kusimama uani. Alipomwogesha mjukuu kwa sabuni ya kufulia, mtoto akatoka vipele mwili mzima, na yule bibi akajua kuwa sasa ana mayai mawili nyumbani.

Baadaye Mwamina na mumewe walihamia Nachingwea, jirani na kwangu, na ndipo ngozi yake ilipopata kazi. Alikuwa akiuza sabuni na mafuta ya kupaka sokoni. Siku moja mchuuzi akamletea sabuni za kijani, nzuri, zinanukia kama peponi. Mwamina akachukua kipande akaenda kuoga nacho. Alitoka bafuni anakimbia. Kesho yake akamrudishia mchuuzi sabuni zake zote.

"Mama, mbona wenzako wananunua?"

"Wenzangu hawakuogea. Kama imenibabua mimi, kuna mtoto wa mtu itambabua."

Tangu siku ile, kitu hakiingii mezani kwake mpaka kipite mkononi. Si kiganjani. Ana mahali pake, upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, pale pasipofika jua wala jembe, pamelainika kama tumbo la kinda. Anapaka tone, anafunika kwa kitambaa, anafunga, anangoja mpaka kesho. Watu wakaanza kumletea mambo yao. Hina ya maharusi. Dawa za kulainisha nywele. Mafuta ya watoto wachanga yasiyojulikana yametoka wapi. Watu walimwita Mama Mahakama, na kweli ilikuwa mahakama, maana hakufunga tone moja, alifunga matatu.

La kwanza lilikuwa mafuta ya ganda la korosho, kidogo sana, yamechanganywa na mafuta ya nazi. Huyo alimwita mwovu. La pili lilikuwa kitu kigeni, mshitakiwa. La tatu lilikuwa maji matupu, na wazo la hilo alilipata kwa Makrina, mwalimu wa sayansi aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Makrina alimletea losheni ipimwe, akamtazama anavyofunga, akauliza kwa adabu: "Bibi, unajuaje kama si kitambaa chenyewe kinachokuwasha?"

Mwamina alikitazama kitambaa. Kisha akacheka mpaka akaanguka kigodani. "Hee! Miaka yote hii nawashitaki wageni, kumbe huenda mwizi ni polisi!" Kuanzia hapo akaweka na tone la maji, amefunga kitambaa kile kile, akaliita mwema. Mwema akiwasha, kesi inafutwa.

Mimi lililokuwa likinishinda ni yule mwovu. Nilimwambia, "Somo, unajua kabisa korosho itakuunguza. Kwa nini ujiumize makusudi kila mara?"

"Nisipomwita mwovu," akasema, "nitajuaje kama hakimu yuko macho?"

Hebu mnitafutie mtu mwingine wa namna hiyo. Kuna watu wanakuuzia kitu huku wanakitazama kwa jicho la pembeni. Huyu anajichoma kwanza, halafu ndiyo anakuambia chukua au acha.

Basi, nije kwenye habari ya rangi.

Jumanne alikua, akawa fundi uashi Ruangwa mjini, jitu zima lenye watoto. Ngozi yake ya mama yake mtupu. Saruji humla vidole, inabidi avae glavu hata siku ya kupaka lipu tu. Lakini mpira! Timu ikicheza nyumbani, Jumanne hujipaka rangi kutoka utosini mpaka kiunoni, anakaa mbele ya mashabiki wote na ngoma yake. Msimu uliopita alijipaka mkaa na chokaa, mvua ikanyesha, rangi ikatiririka, akabaki michirizi. Mashabiki wa wageni wakamwimbia dakika zote zilizobaki: "Pundamilia mzee! Pundamilia mzee!" Jambo hilo lilimuuma kuliko bao.

Safari hii mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kornel, ambaye ndiye kiongozi wa mashabiki, akaagiza kopo la rangi kutoka Dar. Halina karatasi wala maandishi. Aliambiwa tu ni rangi ya mwili, haitoki kwa jasho wala kwa mvua. Jumanne akampigia mama yake simu kuuliza. Mwamina akamwambia, "Pakeni kidogo mkononi kwanza, msubiri mpaka kesho yake."

Ijumaa asubuhi, mchezo ni Jumamosi, tuko uani kwake tunapepeta mchele, simu ikalia. Akaweka sauti ya nje, maana anajua nitauliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Rangi yenu imesemaje?"

"Rangi freshi, mama! Bibie kapaka mkononi tangu jana, hata muwasho hakuna. Kornel keshatangaza kwa kipaza sauti mji mzima, Mama Jumanne wa Nachingwea kaipitisha."

Ungo wa Mwamina ukasimama.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Sikuulizi kulia wala kushoto. Mkono, wapi?"

"Mkononi, mama! Kwani mkono si mkono?"

Akakata simu. Akanitazama. "Somo, nimeponzwa na neno."

Hapo na mimi nikaelewa. Mkono wetu sisi unaanzia begani unaishia kwenye kucha, wote huo jina moja. Mwamina aliposema mkononi, aliona pale mahali pake chini ya kiwiko. Mbanguaji ukimwambia mkononi, anakukunjulia kiganja, maana ndicho mkono anaoujua, ndicho kinachompa ugali. Na katika viganja vyote vya Ruangwa, wakaipimia kwenye kiganja cha Bibie! Kiganja kile ukikiuliza kama moto unaunguza, kitakujibu hakijawahi kusikia habari hizo.

"Jumanne atajipaka mwili mzima," Mwamina akasema, "kwa ngozi yangu hii. Na wamelitaja jina langu."

Hatukumaliza mchele. Tulichukua bodaboda mbili. Dereva wangu alikwenda kasi sana, tulipofika Ruangwa kivuli changu bado kilikuwa njiani, kiliingia baadaye kinahema.

Nyumbani kwa Jumanne watu wamejaa wanashona bendera. Kopo limewekwa kibarazani kama mgeni rasmi. Bibie alikuwa jikoni anawapikia wote, akatoka mbio kutulaki.

"Mama Mahakama! Karibuni wazee wangu!" Akakunjua kiganja. "Tazama. Safi. Rangi haina neno."

Mwamina akakishika kile kiganja, akakigonga kwa ukucha. Kikalia ko, ko.

"Bibie dada yangu, kaa la moto likizimika humu, anayelia ni nani, wewe au kaa?"

"Kaa!" Bibie akajibu kwa fahari, watu wakacheka.

"Basi nikopeshe mkono wako wa ndani."

Akampaka Bibie tone la rangi chini ya kiwiko akalifunga. Kisha akajifunga mwenyewe matone yake matatu, mwovu, mshitakiwa na mwema. Mafuta ya ganda alikuwa nayo kwenye kichupa, hasafiri bila hayo, kama wengine wasivyosafiri bila miwani.

Kornel akaja anajifuta jasho. "Bi mkubwa, kesho saa nne tunapaka. Mahakama hatuna nafasi nayo."

"Mahakama imekwisha kaa. Hukumu kesho, kabla hujashika brashi."

"Na ikisema mbaya?"

"Mtamwaga."

Jumanne alikuwa ameinamia ngoma yake anakaza ngozi. Hakuinua uso. "Wakaniite tena pundamilia," akasema polepole. Mama yake alimsikia, nilimwona.

Jioni, kabla ya magharibi, Mwamina akaniita nyuma ya nyumba akafungua kidogo achungulie. Maji, safi. Rangi, safi. Akafungua korosho. Safi! Mimi nikataka kufurahi, kumbe yeye amekuwa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Hakimu kalala," akasema.

"Labda korosho ya siku hizi imestaarabika."

"Usinichekeshe, somo. Umri huu, huenda ngozi yangu nayo imekuwa kiziwi. Nikisema rangi mbaya, nimebahatisha. Nikisema nzuri, nimembahatishia mwanangu. Nilikuwa na mkono mmoja tu wa kutegemea."

Nimemjua mtu huyu tangu anavimba uso kama andazi, na sijapata kumwona anaogopa ngozi yake isimuume. Wengine wote wanaomba dua wasiwashwe. Yeye usiku ule alikwenda kulala akiomba awashwe.

Asubuhi ngoma ndizo zilizotuamsha. Jumanne yuko uani juu ya stuli, kifua wazi, mpana kama mlango wa msikiti. Kornel kafungua kopo, brashi iko mkononi, watu wamezunguka. Mwamina akatoka ndani amekunja mkono wa gauni.

"Ngojeni."

Akafungua maji mbele ya wote. Ngozi kama alivyozaliwa. Akafungua korosho, na pale, jamani, palikuwa pamesimama lengelenge moja zuri, la mviringo, linang'aa kama punje ya mtama. Nilipiga vigelegele! Sijui kama yupo mwanamke mwingine aliyewahi kupigiwa vigelegele kwa lengelenge. Hakimu alikuwa macho, alichelewa tu kuamka, kama wazee wote.

Akafungua la rangi. Pekundu kama bibo la mkorosho lililoiva, pamevimba, vipele vimejipanga.

Watu wakasogea kutazama. Kisha Kornel akakohoa. "Bi mkubwa, nakuheshimu sana, lakini ngozi yako hiyo hata upepo unaiwasha. Hawa ni watu wa kawaida."

"Bibi katumwa na timu pinzani!" mmoja akadakia nyuma, wakacheka. "Nachingwea hawatutakii mema!"

Jumanne akatazama brashi, akatazama mkono wa mama yake. "Mama, nikienda mtupu leo..."

Na Kornel hakuwa amesema upuuzi. Ngozi ya Mwamina si ya kila mtu, na yeye alilijua hilo tangu jana. Kwa hiyo hakubishana naye. Akageuka, akamtafuta Bibie kwa macho. Bibie alikuwa mlangoni, amejibanza, mkono mmoja nyuma.

"Bibie, funua."

"Nifunue nini? Mimi mzima."

"Mbona unausugua mwimo wa mlango kama mbuzi?"

"Mlango ndio unaoniwasha."

"Dada yangu. Hawa watoto wote wamekula chakula chako."

Bibie akautoa mkono. Alikuwa amekwisha kuking'oa kitambaa mwenyewe alfajiri, asimwambie mtu. Chini ya kiwiko, mahali ambapo korosho haijawahi kufika, palikuwa pekundu, panatoa maji, na amepakwaruza mpaka pametoka michirizi. Mwanamke aliyemng'oa nyoka meno alikuwa na machozi machoni.

"Kiganja changu hakikusema uongo!" akalia. "Naapa, Mwamina, hakikusema uongo."

"Hakikusema uongo, dada. Hakikusikia swali."

Kornel alitazama mikono ile miwili, wa yai na wa ganda, imesimama pamoja. Akaweka brashi chini, akachukua mfuniko, akaupigilia kwa nyundo mpaka kopo likabonyea.

Ndipo Mwamina akamgeukia mwanawe, maana yule alikuwa bado amekaa kifua wazi, ngoma zimenyamaza, mtu mzima mwenye sura ya mtoto aliyenyimwa kwenda sikukuu.

"Nani kasema unakwenda mtupu? Nileteeni unga wa muhogo. Nileteeni manjano, na masizi ya chungu, na mafuta ya nazi. Hivyo vyote nilivipima kabla hujazaliwa."

Akampaka mwenyewe. Mkono ule ule wenye lengelenge na vipele, kitambaa kimefungwa tena, unapita kifuani na mgongoni kwa mwanawe, taratibu, kama siku alipokuwa akimwogesha. Bibie akashika upande wa pili. Wengine wakapanga mstari. Kornel mwenyewe akavua shati.

Mimi nilikwenda uwanjani, kwa hiyo ninachowaambia nimekiona. Jua lilikuwa kali, mafuta ya nazi yakachemka, unga ukaiva juu ya watu, jukwaa letu zima likawa linanukia kitumbua. Mashabiki wa wageni wakaanza, "Leo mmeleta vitafunwa!" na Jumanne akawajibu kwa ngoma, "Mna njaa! Mna njaa!" mpaka wakaishiwa maneno. Kuku waliotufuata kutoka mitaani kwa ajili ya ule unga waliingia mpaka uwanjani. Mmoja alisimama golini kwetu, na ndiye aliyemchanganya kipa tukafungwa bao moja. Mwamuzi hakuliandika hilo, lakini kuku ninamjua, ni wa jirani yake Kornel.

Mwamina hakuja uwanjani. Alikaa kibarazani na Bibie, wamenyoosha mikono kwenye beseni moja la maji baridi, kama wasichana wanaongoja hina ikauke. Jioni Jumanne akaingia uani, sauti imemkauka, manjano yamemfika masikioni, unga umepasuka kama udongo wa kiangazi. Mama yake akainuka. Akamzungusha polepole, akamtazama mgongo, akamtazama kwapani, akamtazama nyuma ya shingo, akipangusa kwa upindo wa kanga. Chini ya unga ngozi ilikuwa nzima, hata kipele hakuna.

"Hawakuniita pundamilia," Jumanne akanong'ona, maana sauti ndiyo hiyo iliyobaki. Akamnyanyua mama yake juu kwa mikono miwili, unga ukammwagikia kanga nzima.

"Niweke chini, mwehu wewe!" Mwamina akapiga kelele. "Mkono! Mkono!"

"Upi, mama?" Jumanne akauliza, na Bibie akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika.